Kawa Juu ya Kisahani

Kisahani namba saba kilikuwa hakipo.

"Kabati limevunjwa?" aliuliza Inspekta Hemedi Kitwana.

"Halina kufuli, afande. Nani angeiba ukungu?" Sixtus, dresa, yaani mfunga vidonda wa zahanati hii ya kijijini, njia ya Maneromango, alikuwa karibu kulia.

Juma lililopita, Juni ya 1954, Sixtus alikuwa ameacha visahani tisa vya kioo, vyenye rojo ya mwani, wazi kwa saa moja katika majengo tisa. Vijidudu vinavyopeperuka hewani vilitua humo, vikaota madoa ya ukungu. Alitaka kujua ni hewa ya wapi inayokohoza watu. Lori la kuvipeleka maabara Dar es Salaam lilikuwa linaondoka saa nane mchana.

Hemedi akatazama meza. Kisahani cha kumi kilikuwa chini ya kawa jipya la ukindu, lenye mistari ya zambarau.

"Umekifunika wewe?"

"La! Nimekiacha wazi asubuhi hii kinase hewa ya zahanati. Nikatoka kufunga kidonda, kurudi nimekikuta hivyo."

Hemedi akacheka. Jamani, mwizi gani huyo, anaiba huku anafunika chombo cha mwenyewe kisiingie inzi! Huyo ni mama wa watu, tena kafundwa akafundika.

"Namba saba ni nyumba ya nani?"

"Bi Mwanamvua, yule mjane anayesuka mikeka."

Barazani kwa Bi Mwanamvua palikuwa na mafungu ya ukindu wa zambarau.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Leo ulifika zahanati?"

"Nilimpelekea mgonjwa uji."

"Kawa lako umelisahau."

Bibi akashika kinywa.

"Kisahani kiko wapi, bibi?"

"Ndani, juu ya kabati." Machozi yakamtoka. "Nimeiba mimi, mwanangu. Watu wanasema nyumba itakayokutwa na madoa itatiwa moto. Hii marehemu Mwinjuma aliikandika kwa mikono yake, mimi namchotea maji. Ikichomwa, niende wapi?"

Hemedi alimwonea huruma sana.

"Mbona hukukitupa?"

"Chombo cha mtu, mwanangu! Nikitupe?"

"Hakuna nyumba itakayochomwa, bibi. Ni uzushi mtupu. Twende tukirudishe."

Huko zahanati, Sixtus alikipokea kwa mikono miwili, akahesabu.

"Madoa manne tu! Dirisha unaliacha wazi, sakafu unainyunyizia maji kabla ya kufagia. Hewa yako ndiyo safi kuliko zote, bibi."

"Na chafu kuliko zote?" Hemedi aliuliza.

Sixtus akainamisha macho. "Namba tatu, afande. Kituo chenu cha polisi."

Bi Mwanamvua alijifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Basi, Inspekta, nikuletee kiberiti?"

Hemedi alicheka mpaka akashika mbavu. Saa nane lori liliondoka na visahani vyote, na askari wakatumwa kutafuta chokaa ya kupaka kituo chao. Bi Mwanamvua alichukua kawa lake, akarudi nyumbani kwake.