Vibandiko Ishirini na Sita vya Mume Wangu

Nilikuwa natafuta bisibisi tu, jamani. Bisibisi!

Nikafungua sanduku la vifaa la mume wangu, fundi wa lifti. Nikatoa kopo la grisi... chini yake nikakuta vibandiko ishirini na sita. Vipya! Havijawahi kugusa shingo ya mtu.

Nikakaa sakafuni, nikavihesabu tena.

Kwa mnaonisoma kutoka mbali, niwaeleze. Huku kwetu mtu akifika utu uzima anadungwa sindano ya utulivu, hamu inazima kabisa. Ukifunga ndoa, Ofisi ya Ndoa inawapa vibandiko, kimoja cha mke, kimoja cha mume. Kila Jumamosi saa tisa mnabandika chini ya sikio, hamu inarudi kwa muda. Saa kumi mtaa mzima umefunga madirisha. Saa moja jioni watu wanafungua, wanasalimiana, wanaulizana kama maji yanatoka. Hatuoni aibu, ndivyo tulivyolelewa.

Sasa mwanaume asiyebandika alichopewa kwa ajili ya mkewe, anabandika cha nani? Jumamosi ishirini na sita, miezi sita, na hamu alikuwa nayo!

Na mimi ndiye ninayevifungasha pale Ofisi ya Ndoa, mwaka wa tisa huu. Kweli mganga hajigangi.

Asubuhi nikamwaga yote kwa shoga yangu anayehudumia dirisha la pili pale kazini.

"Kwani siku hizi yukoje?"

"Mwema kupita kiasi. Jumanne ananishika kiuno nikiosha vyombo. Mchana ananipigia simu hana la kusema, anacheka tu."

"Shoga, amka! Mwanaume akizidisha wema ghafla, kuna anachoficha."

Iliniingia hiyo.

Aliporudi kazini nilikuwa nimevipanga mezani vyote.

"Hivi ni nini?"

Akafuta mikono kwenye suruali, na mikono yenyewe ilikuwa safi.

"Ni nani huyo mwanamke?"

"Mke wangu, usiniulize."

"NI NANI?!"

"Unafanya kazi pale. Ukijua, itabidi uripoti. Niache tu, nakuomba."

Jamani, mngekuwa ninyi mngesikia nini hapo? Mimi nilisikia mtu aliyekiri. Nikamwita mshenzi, nikamwita na mengine ambayo sitayaandika hapa. Kesho yake nikajaza fomu kwa mkono wangu mwenyewe. Hamu isiyo na kibali. Mshukiwa: mume wangu. Mwenzake: simjui.

Wakamleta pale ofisini saa nne.

Mpimaji alimfunga nyaya kichwani, akaanza kumwonyesha picha. Jirani yetu wa juu. Fundi cherehani wa mtaani. Wanawake wote wa kampuni ya lifti. Hata shoga yangu! Mimi nimesimama pembeni, macho kwenye mshale wa mashine, nangoja nimjue mwizi wangu.

Mshale haukutikisika.

"Mashine imekufa?" nikauliza.

"Ngoja niijaribu," mpimaji akasema. Akachukua picha ya karibu, ile ya kitambulisho changu cha kazi, ambayo nimenuna kama nimemeza limau.

Mshale ukaruka mpaka mwisho!

Mume wangu akafumba macho.

"Sindano yake ya kwanza imeisha nguvu," mpimaji akasema. "Hutokea, mara chache sana. Huyu anakutaka wewe. Hivihivi, bila dawa."

"Basi mfungueni! Mimi ni mkewe!"

"Kibali ni kibandiko, mama. Si ndoa. Na fomu umeshasaini."

Nililia, nikapiga magoti, nikajaribu kuichana ile fomu. Wakanitoa nje, mimi mfanyakazi wao! Mlango ukiwa unafungwa nilimsikia akisema, "Sikutaka kukuingiza matatizoni." Wakamdunga ya pili. Hiyo haiishi nguvu, wala kibandiko hakiishindi.

Sasa yupo nyumbani. Mzima wa afya, mpole. Akimaliza kula anasema, "Ahsante, dada." Simu yangu ya mchana hailii tena.

Jumatano iliyopita alikuwa ameketi mlangoni anashona kifungo cha shati lake. Nikamtazama vile vidole, vile anavyouma uzi... moyo ukanilipuka! Nikajipapasa chini ya sikio. Hapakuwa na kitu. Kumbe na sindano yangu imeisha nguvu.

Nikamgusa bega.

Akainua uso. "Unahitaji kitu, dada?"

"Hapana."

Akarudi kwenye kifungo chake.

Wenzangu, wahenga walisema hasira hasara, na mimi nilidhani ni maneno ya kupamba kanga. Mwanaume aliyenipenda bila kuamriwa na mtu, nilimpeleka mwenyewe akazimwe, kwa sababu sikuwahi kuona mapenzi ya aina hiyo na nikayaita wizi. Sikumpa hata dakika tano za kujieleza. Wewe mpe wako.