Jina Lililomnyamazisha Mtoto wa Phelista

Siku ile ilianza vizuri tu, jua la Kitale limewaka, nepi zimejaa kwenye kamba, na Phelista, binti wa mama yangu mdogo, ameketi mlangoni na kitoto chake cha kike ambacho hata kitovu kilikuwa bado hakijaanguka. Mumewe, Tonny, alikuwa Endebess kwa kazi yake ya ng'ombe wa maziwa. Mama mkwe wake, Wilkista, alikuwa ametoka Kamukuywa kuja kumsaidia, na kama kawaida walikuwa wanabishana juu ya kitanda kidogo cha mtoto, kile cha matete ambacho Tonny alikuwa amesukiwa na fundi.

"Sista Jerop wa kliniki alisema kiwe kitupu, Mama. Mtoto alale chali, godoro gumu, shuka moja ya kubana, basi. Mto hapana. Blanketi kubwa hapana."

"Ati kitupu! Kichwa kitakuwa bapa kama chapati, uone. Tonny mwenyewe alilalia mto."

"Si ndio maana kichwa chake kinakataa kofia zote."

Wilkista akacheka mpaka akajipangusa macho. Lakini mtoto alikuwa hacheki. Tangu jana yake alikuwa analia, ananyonya kidogo, analia tena, mpaka sauti imekauka.

Kwao Wilkista, mtoto akilia hivyo, inajulikana kuna marehemu wa ukoo anayetaka jina lake. Unayataja majina ya waliokufa, moja moja, na likifika lenyewe mtoto ananyamaza. Basi Wilkista akampakata akaanza. Nasimiyu. Nekesa. Nakhungu. Mtoto alizidi kulia, midomo ikageuka bluu, na Phelista, ambaye usingizi ulikuwa unamuua na maziwa yamemjaa yanauma, akaropoka tu:

"Nabwile!"

Kimya.

Mtoto akafungua macho. Akacheka. Kicheko cha mtu aliyeitwa mlangoni na kukaribishwa ndani.

Wilkista nusura amwangushe. "Nani amekupa hiyo jina?" alinong'ona.

Phelista alikuwa amelisikia mara moja tu, Tonny akilitaja na baba yake akimfokea anyamaze. "Kwani alikuwa nani, Mama?"

"Shangazi ya baba ya Tonny. Mtoto wake alikuwa analia sana. Akamkandamiza na mto mpaka akanyamaza. Watu wakamuua kwa mawe, tukamzika bila hata wimbo. Hatumwiti, we msichana! Hatumwiti!"

"Basi turudishe hilo jina."

"Halirudishwi hivyo. Mpaka mtoto apewe lingine, na limkubali."

Wilkista alitoka kuanua nguo kwa sababu mawingu yalikuwa yameshuka kutoka mlimani. Phelista akamlaza mtoto chali kwenye kile kitanda kitupu, akanyoosha shuka, akaenda jikoni kubandika maji.

Aliporudi, mtoto alikuwa amelala kifudifudi, pua ndani ya godoro. Mtoto ambaye hata shingo haijakaza.

Akamgeuza. Akarudi mbio kuzima jiko, akarudi tena. Mtoto alikuwa kifudifudi, na safari hii kando ya kichwa chake kulikuwa na mto. Mto mzee, mweusi kwa jasho, umejazwa maganda ya mahindi. Nyumba ile haikuwa na mto kama ule.

"Mama! Si nilisema mto hapana?"

"Niko nje!" Sauti ya Wilkista ilitoka mbali. Phelista akachungulia dirishani. Alikuwa kule mwisho wa kamba, nepi zimemjaa mikononi.

Mvua ikapiga mabati.

Phelista akamgeuza mtoto chali. Mto ukainuka. Wenyewe. Ukashuka usoni mwa mtoto, ukabonyea pande mbili, kama chini ya viganja. Miguu midogo ikapiga. Ikapiga. Ikaanza kupunguza.

Alivuta. Haukutoka. Akainua mwiko wa ugali aliotoka nao jikoni, akapiga pale juu ya mto ambapo hapakuwa na kitu, na mwiko ukagonga nyama. Akapiga tena. Akasikia mfupa. Kitu kikamuuma mkono, kikamtikisa kama mbwa anavyotikisa kuku. Damu ikaruka ukutani. Hakuachilia.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Wilkista, amelowa chapachapa.

"Nabwile! Mwache! Huyo si wewe! Huyo ni Wilkista!"

"Mama, hapana!" Kwa sababu kwao Wilkista mtoto hapewi jina la mtu aliye hai. Jina la ukoo linangoja mwenyewe aondoke; likitolewa mapema, linamwondoa.

Wilkista alilijua hilo kuliko yeyote. Hakurudi nyuma hata hatua.

Mto ukamwachilia mtoto. Ukaruka. Ukampata Wilkista usoni, ukambamiza ukutani, na kichwa chake kikatoa sauti ya boga lililoanguka. Akaporomoka. Visigino vikapiga sakafu. Phelista akaurukia ule mto, akaupasua kwa kucha, akaupasua kwa meno, maganda yakatapakaa chumba kizima, na chini yake akakuta uso wa mama mkwe, pua imepondeka, macho wazi. Visigino vilikuwa vimetulia.

Kitandani, mtoto alipiga chafya. Akalala. Chali.

Jirani yao, Gathoni, ndiye aliyemfikisha Phelista kliniki, mtoto amebanwa kifuani. Sista Jerop akaangalia ule mkono.

"Ni mbwa?"

Phelista akatikisa kichwa.

"Na mtoto anaitwa nani?"

"Wilkista," alisema, na machozi ndiyo kwanza yakaanza.

Sista akaosha kidonda, akakunja uso, akaingiza kibano ndani ya nyama. Kitu kiligoma kidogo, kisha kikatoka. Gego la mtu mzima. Kahawia, limeliwa katikati, na tundu lake limejaa udongo mwekundu.

Sista Jerop akaligusa kwa kidole, akauondoa mkono haraka.

Lilikuwa bado la moto.