Nasma na Orodha Iliyopotea

Namba ndizo alizoziona kwanza. Kila alasiri Nasma aliporudi kutoka shuleni, alifuta vumbi jekundu kwenye mashine ya kutolea kopi, kisha akawasha kompyuta ya duka. Kabla ya picha yoyote kutokea, kioo kilionyesha orodha fupi: Ubuntu juu, Windows chini yake, na chini kabisa namba zikihesabu kurudi nyuma: kumi, tisa, nane. Wateja hawakuziona. Hata mwenye duka, mama yake mdogo Bi Tunu, hakuziona. Wakati huo yeye alikuwa akitafuta miwani.

Duka lao lilikuwa karibu na soko la Kasulu. Kompyuta ile ilikuwa na mifumo miwili ya kuiendesha kwa sababu maalumu. Flashi za wateja zilileta virusi, navyo vikala barua za watu upande wa Windows. Basi Maximilla, aliyefanya kazi pale kabla ya kuhamia Kibondo, akaweka Ubuntu, na kazi zote muhimu zikahifadhiwa huko. Windows ikabaki ya picha za pasipoti.

Jumatano moja Bi Tunu alikwenda kununua karatasi. Shadia, anayekaa dawati moja na Nasma, akaja na mchezo wa mbio za magari kwenye flashi.

"Yaani kila ukiwasha unasubiri orodha?" Shadia alicheka. "Kama foleni ya mashine ya kusaga! Kwa kaka yangu inaingia Windows moja kwa moja. Ikiwaka tu, bonyeza kitufe cha F2, uipandishe Windows juu."

Nasma alisita, kisha akabonyeza, na kwenye ukurasa wa buluu wa mipangilio akaipandisha Windows. Orodha ikatoweka, magari yakakimbia. Waliposikia ndala za Bi Tunu zikija, Nasma akazima haraka. "Nitarudisha kesho," alijiambia.

Kesho yake, saa saba mchana, alirudi kula akakuta duka limenuna. Bi Ntirampeba, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wafuga nyuki, alikuwa amekaa kwenye benchi. Alikuwa ametoka Rungwe Mpya kufuata maombi ya mizinga arobaini ya kisasa. Kurasa kumi na tisa, zilizochapwa kwa wiki mbili. Mwisho wa kuzifikisha halmashauri ulikuwa saa tisa na nusu siku hiyo hiyo.

"Mwidiwe," Nasma alimsalimu kwa Kiha.

"Mwidiwe, mwanangu. Kompyuta yenu imekula kazi yetu," Bi Ntirampeba alijibu kwa unyonge.

Mbele ya kioo alikaa Mudathiri, fundi wa mtaani mwenye dawa moja kwa kila ugonjwa: kupiga Windows, yaani kufuta kila kitu na kuiweka upya. Printa ikikwama, anapiga Windows. Spika ikikoroma, anapiga Windows.

"Bi Tunu, Ubuntu imekufa," alisema. "Orodha haipo. Nafuta vyote, napiga Windows mpya. Saa moja tu."

"Na kazi zangu?" Bi Tunu aliuliza.

"Kazi gani tena? Zimeshakwenda hizo."

Akachomeka flashi yake. Nasma aliutazama mkono ule ukielekea kwenye kibodi. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini akinyamaza, mizinga arobaini imekwenda.

"Usibonyeze!"

Wote wakageuka. Hawakuwahi kuisikia sauti yake ikiwa kubwa hivyo.

"Haijafa. Nimebadilisha mimi, jana, nilipokuwa nacheza. Nilibonyeza mwenyewe."

"Ehe! Mji umepata fundi mpya!" Mudathiri alicheka.

Bi Tunu hakucheka. "Sema yote," alisema. Nasma akasema yote, bila kumsukumia Shadia lawama. Bi Tunu akachukua simu, akampigia Maximilla na kuweka sauti ya juu.

"Dada Maximilla, shikamoo," Nasma alianza, kisha akaeleza upya.

"Marahaba. Sasa sikiliza," Maximilla alisema. "Orodha ile inaletwa na programu ndogo inayoamka kabla ya mifumo yote. Kazi yake ni kuuliza tu: leo tunaingia upande gani? Ulipoipandisha Windows, uliiruka. Hukuifuta."

"Kumbe nyuki wamo," Bi Ntirampeba alidakia, "ila mlango wa mzinga umezibwa!"

"Ndiyo, mama. Na anayetaka kufuta vyote, anachoma mzinga na asali yake."

Mudathiri alichomoa flashi yake polepole.

Nasma akazima, akawasha, akabonyeza F2. Akachelewa, Windows ikatokea. Akarudia. Akachelewa tena. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasorobo. Mara ya tatu alianza kubonyeza kabla kioo hakijawaka, tititi, bila kupumzika. Ukurasa wa buluu ukafunguka. Windows juu. Na chini yake?

"Ipo! Ubuntu ipo!"

"Ipandishe, kisha uhifadhi," Maximilla alisema.

Kompyuta ikazimika, ikawaka. Kumi, tisa, nane. Bi Ntirampeba alipiga kigelegele hadi muuza vitenge wa jirani akachungulia. Kurasa kumi na tisa zikatoka kwenye printa, zikafungwa ndani ya kanga, zikapanda bodaboda pamoja na Bi Ntirampeba. Saa tisa na dakika kumi akapiga simu: maombi yamepokelewa, yamegongwa muhuri!

Bi Tunu alimketisha Nasma kando yake. "Jana ulikosea, na wiki hii hakuna mchezo. Lakini fundi hatibu asichoambiwa. Kosa likisemwa mapema hubaki dogo. Likifichwa, watu huchoma mzinga mzima."

"Na mimi nimejifunza," Mudathiri alisema akikuna kichwa. "Kwanza kuuliza, halafu ndiyo kupiga."

Nasma alikitazama kioo. Kulikuwa na neno alilokaa nalo tangu siku ya kwanza alipoziona zile namba. Hakuwahi kumwambia mtu, hata Shadia.

"Mama mdogo," alisema, "mimi watu nawaogopa, lakini mashine siziogopi. Nataka kuwa fundi."