Pete Isiyokauka

Sonara aliipangusa pete kwa kitambaa, akaiweka juu ya kaunta, na kabla mteja hajanyoosha mkono kuichukua, ikawa na maji tena. Haikulowa chapachapa, ni unyevu tu upande wa ndani, na povu kidogo, kama pete ya mtu aliyeinuka sasa hivi kutoka kwenye beseni la nguo.

"Joto hilo," alisema sonara, akaipangusa tena bila kumtazama mtu usoni.

Mteja hakubisha. Alikuwa fundi rangi, na watu wote walimwita Brashi, hata mama yake mzazi. Siku hiyo alikuwa ametoka kupaka dari ya ghala. Shingo imekakamaa, na kwenye kope moja limegandia tone jeupe. Alikuwa amezunguka maduka mpaka soli zimelalamika. Pete za vito zilimpendeza, lakini mchumba wake alikuwa nesi wa wodi ya watoto, mtu wa kuvaa na kuvua glavu kutwa kucha, na jiwe lingezichana. Alitaka pete bapa, nyembamba, isiyo na makuu. Mfukoni alikuwa na kipande cha uzi alichomzungushia Nesi kidoleni siku alipopitiwa na usingizi kwenye benchi. Akakipima na ile pete. Kilikaa sawasawa, hakikubana, hakikupwaya.

"Ilikuwa ya nani?"

"Mama mmoja aliniuzia. Alisema amechoka."

"Kachoka na nini?"

"Kaka, wote wanaokuja kuniuzia pete wamechoka. Nikianza kuwauliza mmojammoja, duka nitalifunga saa ngapi?"

Brashi akacheka, akainunua.

Maneno ya kumposa aliyafanyia mazoezi juu ya ngazi, akiuambia ukuta, na ukuta ulionekana kuridhika. Lakini Nesi alipotoka zamu jioni, viatu mkononi na miguu imemvimba, maneno yote yalimkimbia. Alikaa naye kwenye benchi nje ya wodi, akaitoa pete.

"Basi," alisema, "utakubali kuolewa?"

Nesi aliitazama pete, akamtazama yeye. Machozi na usingizi vikawa vinagombea macho yake.

"Nimekubali," alisema. "Nivishe upesi kabla sijalala hapahapa."

Aliyeanza kuliona jambo ni shangazi. Nesi aliishi kwa shangazi yake, mwanamke mwenye masikio mepesi na ulimi usiojua likizo. Lakini wiki chache baada ya posa alimpokea Brashi mlangoni kwa sauti ya chini, kama mwenye mgonjwa ndani.

"Mwenzangu, mchumba wako anafua nguo za nani?"

"Nguo gani, shangazi?"

"Ndiyo nakuuliza. Akirudi kutoka kazini anajifungia chumbani, anasema analala. Nami hapa jikoni nasikia maji, nasikia beseni linaburutwa, nasikia mtu anakamua na kukung'uta. Akitoka, mikono imekunjamana kama ya mzee. Na kamba yangu huko nje haina hata leso."

Nesi alitoka chumbani akijikongoja. Alikuwa amekonda shavuni, na alipokaa karibu na Brashi alinuka moshi wa kuni na majivu mabichi, wakati nyumba ile ilipikia gesi.

"Nalala," alisema alipoulizwa. "Nalala kabisa, Brashi. Lakini nikilala nakwenda kazini kwingine."

Akaeleza, kwa maneno ya mtu asiye na nguvu hata ya kuogopa. Kuna nyumba yenye ua mrefu usio na mwisho. Kuna ndoo isiyojaa. Kuna watoto, hajui wangapi, kwa sababu kila akiwahesabu anaongezeka mmoja. Wanamwita mama, wanashika nguo zake, wanataka kula, wanataka kuogeshwa. Mwenye nyumba hajamwona hata siku moja. Anaona nguo zake tu, na lazima azifue. Shati lake, mkono mmoja peke yake unajaza beseni.

"Vua hiyo pete," alisema Brashi, na hakujua kwa nini alisema hivyo.

Nesi alitabasamu kwa uchovu. "Unadhani sijajaribu? Nikiipaka sabuni, inabana zaidi."

Hakuwa na hila nyingine siku hiyo ila kukaa naye. Shangazi alivuta kiti akakiweka mlangoni, Brashi akakaa chini kando ya kitanda, na Nesi akajilaza kwa mgongo, mikono kifuani. Ilikuwa mchana mweupe, jua likipita katikati ya pazia na kuchora mstari sakafuni, na nje watu walikuwa wakipita wakizungumza mambo yao. Pumzi ya Nesi ilishuka, ikatulia. Kisha Brashi akasikia maji. Yalianza mbali, kama ya jirani, halafu yakawa chini ya kitanda, halafu yakawa ndani ya chumba chote, yakimwagika na kuzolewa na kumwagika tena, na mikono ya mwanamke aliyelala ikainuka kifuani polepole, ikaanza kusugua, ikasugua hewa kwa nguvu mpaka mishipa ikamsimama, ikakamua kitu kirefu kisichoonekana, kirefu mno, kilichoendelea kukamuliwa bila kufika mwisho, huku ngozi ya vidole ikinyauka mbele ya macho yao na harufu ya majivu ikipanda mpaka shangazi akajiziba pua kwa upindo wa nguo yake, na katikati ya hayo yote, kutoka kwenye kinywa cha mtu aliyefumba macho, ikatoka sauti ya kubembeleza: "Nakuja, mwanangu. Ngoja mama amalize. Nakuja."

"Mtoe huko," shangazi alinong'ona. "Mtoe, mtoe."

Iliwachukua muda mrefu kumwamsha, na alipoamka alilia kwa kuwa hakuwa amepumzika.

Sonara alipowaona wakiingia wameshikana, alitaka kujifanya yuko bize. Kisha akakiona kidole, kimevimba na kuiva rangi ya zambarau, akaacha kujifanya. Alileta msumeno wake mdogo wa kukatia pete. Meno ya msumeno yalikwisha, pete haikupata hata mkwaruzo.

"Yule mama aliyekuuzia," Brashi alisema, "yeye aliivuaje?"

Sonara alisafisha koo. "Mkono wake wa pete ulikuwa na vidole vinne. Mimi nilidhani ni ajali ya mashine."

Nesi aliufunika mkono wake kwa mkono mwingine.

"Yupo bibi mmoja anayejua mambo haya," sonara akaongeza, macho chini. "Nilipaswa kuwaelekeza kwake tangu nilipoona pete haikauki. Nisameheni. Nami nina watoto wa kulisha."

Yule bibi aliuza makoti na mashati ya mitumba, na mafua hayakumwacha mwaka mzima, ndiyo maana wakamwita Bibi Mafua. Makoti yalining'inia kwenye kuta zote nne za chumba chake. Aliwasikiliza akipenga kamasi.

"Mimi sichinji kuku wala sipigi ngoma," alisema. "Mimi nasuluhisha ndoa. Na hii ni ndoa. Mlaze hapo."

Nesi hakuhitaji kubembelezwa. Alifumba macho tu, mikono ikainuka kwenda kazini. Bibi Mafua akamwinamia sikioni.

"Hodi, mwenye nyumba!"

Mikono ikasimama. Kinywa cha Nesi kikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya kiume, wala haikuwa na hasira. Ilikuwa ya mtu aliyesumbuliwa nyumbani kwake.

"Nani huyo? Mke wangu ana kazi."

"Mke wako kwa ndoa gani?"

"Aliulizwa kama atakubali kuolewa. Alikubali, akavishwa pete yangu. Hakutajwa mume."

Brashi alilikumbuka benchi la nje ya wodi. "Sikusema na nani," alinong'ona. "Bibi, sikumwambia aolewe na mimi. Niliona aibu."

"Basi aibu imeshakutoka. Sema."

Akapiga magoti. Alisema, na sauti yake ilipasuka kama ya kijana anayebalehe: "Nataka uolewe na mimi. Mimi hapa, fundi rangi. Mimi, si mwingine."

Bibi Mafua alimmwagia Nesi maji ya baridi usoni, akamkalisha kwa nguvu. "Umewasikia wote wawili. Jibu ukiwa macho, mama. Hapa hakuna wa kukusemea."

Nesi alitweta. Aliangalia mikono yake. "Wewe sikukukubali," alisema, si kwa Brashi bali kwa ile hewa. "Sijawahi hata kuuona uso wako. Nimefua mpaka basi. Nakukataa."

Upepo haukuwepo, lakini makoti yaliinua mikono. Yote, kuta zote nne, mikono mitupu ikanyooka kuelekea katikati ya chumba, ikabaki hivyo. Sauti sasa ilitoka humo kwenye nguo.

"Na aende. Nimeoa wengi, na wote huchoka. Mimi nimemwacha. Ila watoto hawajamwacha."

Mikono ya makoti ikaanguka. Pete ikateleza yenyewe kidoleni, ikalia sakafuni mara moja. Bibi Mafua aliifunika kwa kopo.

"Sikilizeni vizuri," alisema, na mara hii hakupenga. "Watakuja kumwita. Watakuja mara moja tu. Asifungue na asiitike. Akiitika, amerudi kwa hiari yake, nami mlango huo siujui."

Walikuja kesho yake mchana, shangazi akiwa sokoni. Brashi alisikia vidole vidogo vikikwaruza mlango wa mbele, chini kabisa, karibu na kizingiti.

"Mama," ilisema sauti ya kitoto. "Mama, hatujala."

Nesi alikuwa tayari ameketi, mgongo umeegemea mlango, kiganja amejiziba kinywani. Brashi alikaa pembeni yake, akamkumbatia. Nje zilizidi sauti, moja juu ya nyingine: mmoja ana homa, mmoja amejikojolea, mmoja anauliza wamekosa nini. Brashi alijua ni watoto wa jini. Hata hivyo machozi yalimtoka, kwa sababu hakuna aliyewafundisha watoto wale kulia vibaya; walilia kama watoto. Nesi aliiuma ngozi ya kiganja, lakini hakutoa sauti.

Baadaye sana zikaanza kupungua. Ikabaki moja, nyembamba, ya kitoto kichanga, ikikatikakatika kwa kwikwi. Nayo ikazimika.

"Wameondoka," Brashi alinong'ona.

Nesi alitikisa kichwa. "Wamelala hapo nje. Huyo mdogo ndiye hulala wa mwisho, na halali mpaka apigwepigwe mgongoni."

Ndipo Brashi akautazama mkono wa pili wa Nesi. Ulikuwa nyuma yake, kwenye ubao wa mlango, na kiganja kilikuwa kikipiga polepole, taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto; na Brashi, aliyeambiwa ahakikishe haitiki, hakujua kama huko nako ni kuitika.