Unyayo wa Sita kwenye Daftari la Joto

Mnusanyayo haukosei. Ndivyo walivyoambiwa wafanyakazi wa Wadi ya Njiti, ghorofa ya thelathini jijini Mbeya, siku mashine hiyo ilipofungwa ukutani. Kila aliyegusa faili la pamoja aliacha unyayo, nao Mnusanyayo ukaufuata mpaka kwenye kikuku cha utambulisho mkononi mwake. Faili lenyewe waliliita Daftari la Joto. Ndilo lililoviamuru vitanda-joto ishirini, walimolala watoto waliozaliwa kabla ya siku zao.

Sasa kuna mtu alikuwa analichokoachokoa. Siku tano mfululizo, joto la kitanda cha saba lilipandishwa nusu nyuzi, kimyakimya, bila kibali, na kila usiku Daftari likalirudisha chini.

Sekela, mkaguzi wa mafaili, alipewa hadi saa nane.

"Nataka jina moja," alisema Mzee Mwaipopo, mkuu wa wadi. "Na mwenye jina ataondoka leo hii."

Chai ya saa nne ilinywewa kwa macho ya pembeni.

"Mkaguzi huyo, jamani, ficheni vidole," mmoja alitania. Hakuna aliyecheka.

Sekela alimshuku muuguzi Bupe. Wauguzi hawakuruhusiwa kubadili joto, lakini Bupe alikizunguka kitanda cha saba kama kuku mwenye vifaranga. Tena alikuwa shoga yake.

Kazi ikamshika hata asishuke kumnyonyesha mwanawe, Lusajo. Saa saba u nusu, maziwa yamemjaa hadi blauzi imelowa, Mnusanyayo ukaleta jibu.

Sekela Mwambene. Mara tano. Kila mara saa sita u nusu.

Akaketi. Saa hiyo kila siku huwa chini, chumba cha kulelea watoto, Lusajo kifuani. Kikuku kilishawahi kumkwaruza mtoto shavuni, kwa hiyo hukivua na kumwachia mtu amshikie. Huyo mtu ni Bupe. Na kikuku cha mkaguzi hufungua kila kitu.

Alimkuta Bupe kando ya kitanda cha saba.

"Ulinitumia mimi, Bupe?"

Bupe hakugeuka. "Niliomba mara tatu, Mama Lusajo. Daftari likajibu mtoto yuko ndani ya wastani. Mimi ndiye ninayemshika, miguu yake ni barafu."

"Si ungeniambia?"

"Ungesema nisubiri kibali."

Ni kweli, Sekela angesema hivyo.

"Huyu hana cha kusubiria, ana kilo moja. Na leo hujashuka kunyonyesha, kikuku sikukipata. Mguse."

Sekela akapitisha mkono dirishani mwa kitanda. Vidole vya mguu, vidogo kama punje za mchele, vilikuwa baridi. Akayatafuta yale maombi matatu kwenye Mnusanyayo. Hayakuwepo. Mnusanyayo ulitunza jina la aliyebadili. La aliyeomba akakataliwa haukulitunza.

"Jina?" Mzee Mwaipopo alikuwa amesimama nyuma yao.

Bupe akafungua mdomo, Sekela akamuwahi. "Mashine inasema ni mimi, Mzee. Mkono si wangu, ila kikuku nilikitoa mwenyewe. Nitaeleza yote, pamoja na maombi matatu yasiyoandikwa popote. Kwanza mshike mtoto miguu."

Mzee alimtazama kama anayetafuta mtego. Kisha akakunja mkono wa shati, akaingiza kiganja, akakiacha humo. Kikakaa muda mrefu.

"Nusu nyuzi inamtosha?" alimuuliza Bupe taratibu.

"Inamtosha, Mzee."

Akaisogelea skrini ya Daftari la Joto, akabonyeza. Ukutani, Mnusanyayo ukaandika unyayo wa sita: Mwaipopo.

"Shuka ukanyonyeshe, Mama Lusajo," alisema. "Ukirudi, utanionyesha pa kuandika maombi."