Nilimkata Maksi Shemeji Yangu Ili Nionekane Mtu wa Haki

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minane, baba wa watoto watatu, na ninafundisha Biolojia katika shule moja ya upili karibu na Sosiot. Watu wakikutana nami njiani hunisalimu kwa heshima. Laiti wangejua...! Haya ninayowaandikia hata mchungaji wangu hajayasikia.

Miaka michache iliyopita, mwaka wa 1995, mdogo wa mke wangu, Chelangat, alikuwa kidato cha tatu katika shule yetu na aliishi kwangu. Alikuwa msichana mkimya, wa kuamka kabla yetu sote akamue ng'ombe, kisha avae yunifomu. Hata nyumbani hakuwahi kuniita shemeji. Aliniita Mwalimu. Ndoto yake ilikuwa kuwa muuguzi, na bila Biolojia hakuna uuguzi.

Shule ilikuwa na sheria kali. Katika mtihani wa mwisho wa mwaka, ukipata chini ya arobaini katika sayansi, hupandi kidato cha nne. Unarudia.

Wiki moja kabla ya mtihani baba mkwe alitutembelea. Hakuja peke yake... Alikuja na mwanamume wa Merigi aliyefiwa na mke, mwenye kofia ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba. Alikunywa chai vikombe viwili. Kisha akauliza jambo moja tu: "Matokeo ni lini?"

Mke wangu Rael aliinuka akaenda jikoni. Mzee akanigeukia. "Mimi sitaki hiyo mambo ya kurudia darasa," akasema. "Huyu mtoto akipita, asome, mimi nitanyamaza. Akianguka, anakuja nyumbani. Nimemaliza."

Nilicheka, nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilicheka, wasomaji!

Sasa kule shuleni walimu wenzangu walikuwa wameshanianza. Naibu wa mwalimu mkuu, mtu wa mzaha mwingi, aliniuliza mbele ya wote, "Huyo shemeji yako tumuandikie A sasa, ama tungoje kwanza usahihishe?" Ofisi nzima ikaangua kicheko. Nikacheka nao, lakini ndani nilikuwa naungua. Nilikuwa nimejijengea jina la mwalimu asiyependelea mtu, na jina hilo nililipenda kupita kiasi.

Nilianza kusahihisha vizuri. Nilikuwa na mwongozo niliouandika kwa mkono wangu, kila jibu na maksi zake. Karatasi ya Njeri, rafiki yake Chelangat, binti wa mwenye duka pale senta, niliisahihisha kwa roho safi. Halafu nikafika kwa Chelangat... na kile kicheko cha ofisini kikanirudia masikioni.

Nikakaza kalamu! Aliposema jani ni jembamba ili hewa ipite upesi, nikaandika kwa wino mwekundu, "Eleza zaidi." Mchoro wake wa moyo nikaukata maksi kwa sababu mistari ya kuonyesha majina ya sehemu ilikuwa na vichwa vya mishale. Swali la maksi nne nikampa mbili. Nilijiambia, heri nimbane kidogo kuliko watu waseme. Si ana akili? Atapita tu...

Nilipojumlisha, nilipata thelathini na saba.

Kitu fulani ndani yangu kiliniambia, rudia, isome tena na mwongozo ukiwa wazi. Ilikuwa kazi ya dakika kumi! Lakini nirudie karatasi moja tu, ya shemeji yangu, halafu nimwongezee maksi? Watasemaje? Nikaandika 37 kwenye fomu, nikaipeleka ofisini. Naibu aliitazama, kisha akanipiga begani. "Kweli wewe ni mwanaume," akasema. Mungu anisamehe, nilijisikia mkubwa.

Chelangat alipokea karatasi yake bila kulia. Jumamosi alienda kuchuma chai na dada yake kama kawaida. Jumatatu Mzee alikuja kumchukua. Yule wa kofia alikuwa anangoja barabarani.

Januari, Rael alipokuwa akisafisha chumba cha mdogo wake, alifungua sanduku la bati lililobaki. Ndani alikuta karatasi mbili za mtihani zimekunjwa pamoja, ya Chelangat na ya Njeri. Mke wangu ni fundi wa kushona, Biolojia haijui. Lakini macho anayo. Alizitandaza mezani mbele yangu. Jani jembamba, hewa ipite: Njeri amepata, Chelangat amekosa. Mioyo miwili yenye mishale ile ile: mmoja umepewa maksi zote, mwingine umekatwa.

"Baba Kipngeno, hebu nionyeshe tofauti," akasema. "Mimi sijasoma kama wewe. Nionyeshe."

Nilichukua karatasi ya Chelangat. Niliisahihisha upya pale pale kwa mwongozo wangu mwenyewe. Arobaini na nne! Rael hakupiga kelele. Alihamia chumba cha watoto, akakaa huko miezi saba.

Mwezi wa Aprili ndipo nilipopata ujasiri wa kwenda Merigi peke yangu. Nilimkuta Chelangat uani kwa yule wa kofia akipepeta maharagwe, tumbo limeshaonekana. Nikamweleza yote. Nikamwambia nitakiri kwa mwalimu mkuu, maksi zirekebishwe, arudi shule. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Nilijua, Mwalimu," akasema. "Siku ile tu tulirudishiwa makaratasi, mimi na Njeri tuliweka pamoja tukaona."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza aje? Nakaa kwako, nakula kwako. Nilijua utaona mwenyewe. Nikangoja." Akashika tumbo lake. "Sasa nikirudi, huyu nitamweka wapi?"

Alingoja siku ngapi nikimpita sebuleni? Sijui nilifikaje nyumbani siku ile.

Walimu wenzangu, nawasihi. Funikeni jina kabla ya kushika kalamu. Sahihisheni swali moja kwa darasa zima ndipo mwende kwa linalofuata. Karatasi ya mtu wako mpe mwenzako. Na msingoje mtoto aje kulalamika... hatakuja! Siku hizi nikirudisha makaratasi huwaambia wanafunzi aliye na swali aje mezani kwangu. Hakuna anayeinuka. Basi huinuka mimi, nikawafuata dawati kwa dawati, nikimwuliza kila mmoja ni wapi nimemkosea.