Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Haya yalimpata jirani yangu Exaucée, hapahapa Kamina. Mwanawe, aliyezaliwa usiku uliotangulia, alikataa titi, kazi kulia tu. Kwetu hilo linajulikana: mtu wa ukoo aliyekufa amerudi ndani ya mtoto, anadai jina lake, na akilisikia atanyamaza. Basi katekista Ngoie akamsomea majina ya wafu wa ukoo kutoka vitabu vya zamani vya parokia. Mvua ikatia giza chumbani. Mtoto analia tu.

“Mama, majina imeisha.”

“Soma tena, papa! Mutoto iko anakufa!”

“Miye nisome nini tena?”

Exaucée akamlilia mumewe, aliyeondoka siku mbili kabla kwa baiskeli kufuata samaki huko ziwani Kinkondja, mzima wa afya. “Monga! Weye uko wapi?”

Kilio kikakatika. Gizani, Exaucée akasikia mwanawe akinyonya, akimeza kwa pupa.